Ardhi Ikishashiba: Namna ya Kuipima Hatari ya Mafuriko Kabla Maji Hayajafika Mlangoni

Mvua ya milimita 40 ikinyesha Novemba, kiangazi kikiwa ndiyo kwanza kimekatika, utaisikia ikipiga bati usiku kucha, na asubuhi utatoka ukute madimbwi mawili matatu na vumbi limelala. Mvua ya milimita 40 hizo hizo ikinyesha mwishoni mwa Aprili inaweza kukutoa kitandani saa 9 usiku, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Wingu ni lile lile. Ardhi ya Novemba ilikuwa na nafasi ya kuyapokea maji, ya Aprili imeshiba.

Nimekaa miaka mingi Kigogo, Dar es Salaam, nyumba ya tatu kutoka Mto Msimbazi. Kwa muda mrefu nilifanya kama majirani zangu wote: natazama juu. Wingu jeusi, nahofu, jua, natulia. Mwongozo huu ni wa kumfundisha mtu kutazama chini na kuweka hesabu. Vifaa vinavyotakiwa ni chupa, rula, jembe, daftari na simu yenye salio. Ukiufuata kuanzia mwanzo wa vuli hadi mwisho wa masika moja, utakuwa na kitu ambacho redio haiwezi kukupa: namba ya mtaa wako mwenyewe.

Kwanza, kwa nini ardhi iliyoshiba ni jambo la mkoa mzima

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua paa la nyumba ndogo, mita 6 kwa 8: mvua ya milimita 50 inaliangushia lita 2,400, yaani ndoo kubwa 120. Hilo ni paa moja. Kilomita moja ya mraba inapokea lita milioni 50. Ardhi kavu inameza sehemu kubwa ya mzigo huo, mizizi inafyonza, jua linakausha. Ardhi iliyoshiba haimezi, kwa hiyo karibu kila tone linalofika chini linaanza safari ya kuteremka.

Mvua ya kienyeji, ile inayopiga Ubungo ikaiacha Temeke kavu, huwa inajaza mtaro mmoja basi. Lakini wiki tatu za mvua za kati zikilowesha bonde zima, kila kijito kinaacha kuhifadhi na kuanza kumwaga, vyote kwa pamoja, na mto mkubwa unavipokea vyote. Ndiyo maana masika ya 2024 yaliumiza namna ile. Vuli ya mwishoni mwa 2023 ilikuwa ya El Niño, ikanyesha kupita kiasi, na sehemu nyingi mvua haikukatika vizuri Januari na Februari. Masika yalipoanza Machi yalikuta ardhi haijapumua. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha na 236 kujeruhiwa. Rufiji na Kibiti vijiji vilizama. Siku nne baadaye, upande wa Kenya, Mai Mahiu ikapata yake. Nitairudia hiyo, kwa sababu ina funzo lake peke yake.

Hatua ya 1: Chimba shimo, uujue udongo wako

Fanya hivi wakati wa kiangazi, Septemba hivi, ili uwe na kipimo cha kulinganishia. Chagua sehemu ya uwanja iliyo mbali na msingi wa nyumba (mita 3 au zaidi) na isiyo na mteremko mkali. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 30. Mimina ndoo moja ya lita 20, ngoja yaishe, kisha mimina nyingine. Ndoo ya kwanza inalowesha tu kuta za shimo na itakudanganya. Ya pili ndiyo ya kupima. Simamisha rula au kijiti ulichokitia alama, na uandike maji yameshuka sentimita ngapi kwa saa moja.

Kichanga kitayanywa maji mbele ya macho yako. Tifutifu litachukua muda. Mfinyanzi utakuchosha: utakwenda kupika, utarudi, maji yapo. Udongo mweusi wa mbuga una tabia ya peke yake. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia, na mvua za kwanza zinapotelea humo kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wanasema, "Mbuga hii inakunywa!" Kisha udongo unavimba, nyufa zinafunga, na kuanzia hapo ni kama umemimina maji juu ya sahani. Ukikaa kwenye udongo wa namna hii, mvua tano za mwanzo zisikupe moyo.

Rudia kipimo kile kile katikati ya masika, shimo jipya karibu na la zamani. Hapa ndipo utakapouona ukweli. Mwaka wa kwanza nilipofanya, shimo la Septemba liliishiwa maji kabla sijamaliza kunywa chai. La Aprili sikulimiminia hata kikombe. Nilichimba hadi kama urefu wa kiganja na nusu, nikainua jembe, nikasimama kuzungumza na jirani juu ya bei ya sukari, na nilipotazama tena chini kulikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanapanda taratibu kutoka upande wa chini. Hakuna aliyeyamimina. Ardhi ilikuwa inayarudisha.

Shimo likijijaza lenyewe, usihangaike na kipimo tena. Umeshapata jibu: mvua yoyote itakayoanguka juu ya uwanja huo haina pa kwenda isipokuwa pembeni.

Hatua ya 2: Tengeneza chupa ya mvua

Tafuta chupa ya plastiki ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, isiyo na kiuno. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kubinuka, uigeuze, uirudishe ndani ya chupa kama mrija wa kumiminia mafuta. Inazuia maji yasikauke na matone yasiruke. Kitako cha chupa huwa na mabonde, kwa hiyo weka kokoto, mimina maji hadi yafike mahali ubavu unaponyooka, na hapo chora mstari: ndiyo sifuri yako. Bandika rula kwa gundi ya karatasi inayopitisha mwanga, sifuri juu ya mstari.

Kwa kuwa mdomo na mwili wa chupa vina upana mmoja, milimita unayoisoma kwenye rula ndiyo milimita ya mvua. Hakuna hesabu.

Iweke mahali pa wazi. Kama kuna ukuta wa mita 2, kaa nao mbali mita 4. Chini ya mwembe usiweke kabisa. Ifunge kwenye nguzo fupi ili mbuzi na watoto wasiiangushe (watoto wataijaza maji kwa makusudi angalau mara moja, utawagundua kwa sababu mvua ya milimita 90 itakuwa imenyesha kwako peke yako). Soma kila siku saa 3 asubuhi, muda ambao vituo vya hali ya hewa vya kwetu navyo husoma vipimo vya mvua ya siku, ili namba zako ziweze kulinganishwa na zao. Ukishasoma, mwaga, rudisha maji hadi sifuri.

Hatua ya 3: Weka hesabu ya akiba

Hii ndiyo roho ya mwongozo wote, na ndiyo wengi wanaiacha kwa sababu inahitaji nidhamu ya kila asubuhi.

Unachotaka kujua ni maji kiasi gani yamebaki ardhini kutokana na mvua za siku zilizopita. Wataalamu wa mito wana hesabu ya jambo hili, na toleo lake jepesi linatosha kabisa nyumbani. Kila asubuhi chukua akiba ya jana, punguza sehemu moja ya kumi (ndiyo iliyokauka na kuzama), kisha ongeza mvua uliyoisoma leo. Basi.

Mfano wa wiki moja, tukianzia sifuri:

Jumatatu mvua 30, akiba 30.
Jumanne mvua 22, akiba 27 na 22, jumla 49.
Jumatano hakuna mvua, akiba 44.
Alhamisi mvua 41, akiba 40 na 41, jumla 81.
Ijumaa mvua 5, akiba 78.
Jumamosi jua kali, akiba 70.
Jumapili mvua 35, akiba 98.

Itazame Jumamosi. Jua kali, nguo zinaanikwa, watu wanasema mvua imekwisha, na daftari linasema 70. Mvua ya Jumapili ni ndogo kuliko ya Alhamisi, lakini ndiyo inayokuja juu ya ardhi iliyojaa zaidi. Ukipiga hesabu hiyo hiyo kwa wiki mbili kavu baada ya Jumapili, akiba itashuka hadi kama 22. Wiki mbili! Siku tatu za jua hazitoshi kitu.

Kama Hatua ya 1 ilikuonyesha kichanga kitupu, unaweza kupunguza moja ya tano kila siku badala ya moja ya kumi. Kama ni mfinyanzi, punguza moja ya ishirini. Usibadilishe katikati ya msimu, namba zitachanganyikiwa.

Usiniulize namba ya hatari ni ipi. Yangu si yako. Unaijenga kwa kuandika pembeni ya kila siku kilichotokea: "mtaro umejaa hadi ukingo", "maji yamepita barabarani", "mto umefika kwenye mpera wa mzee". Mwisho wa msimu rudi nyuma, tazama akiba ilikuwa ngapi kila mambo hayo yalipotokea. Kwangu mimi, mtaro hubaki unatiririka hata siku isiyo na mvua kuanzia kwenye 60 hivi. Juu ya 90, kila mvua ya kawaida hunipeleka nje na tochi.

Hatua ya 4: Zisome dalili zisizo na rula

Kuna watu watasema hawana muda wa chupa. Sawa. Nyumba yenyewe ni kipimo, ukiisikiliza.

Kisima cha mtaani: kamba inayotumika kuteka inapungua urefu wiki baada ya wiki. Choo cha shimo: kinajaa wakati idadi ya watu haijaongezeka, kwa sababu maji ya ardhini yamepanda na kuingia kutoka chini. Hii ni dalili kubwa sana, na pia ni hatari kubwa sana, maana ndipo wenzetu wengine wanapoamua kutapisha choo mvua ikianza, uchafu uende na maji. Unakwenda kwa nani? Kwa jirani wa chini, na kwenye kisima cha wote. Kipindupindu hakina haja ya kutumiwa nauli. Kama choo chako kinajaa kila masika, kinyonywe na gari Februari, wakati bei bado inazungumzika na gari linaweza kupita mtaani.

Sakafu ya saruji inayotoa jasho na baadaye maji kwenye pembe, mlango ukiwa mkavu, maana yake maji yanakuja kutoka chini ya msingi. Viroba vya mchanga mlangoni havitakusaidia hapo. Chemchemi mpya inayobubujika kwenye ukingo ambao haujawahi kuwa nayo. Mti mkubwa uliozoea kusimama wima umeinama kidogo, na udongo upande mmoja wa shina umeinuka: mizizi haina tena cha kushika. Uzio wa matofali uliojengwa bila nguzo na bila matundu ya kutolea maji unabeba mzigo wa tope upande mmoja, na siku ukianguka hautoi taarifa. Wahamishe wanaolala nyuma yake hata kama mto uko mbali.

Kwa wanaoishi kwenye miteremko, dalili ni nyufa ndefu ardhini zinazokata mlima kwa upana, milango iliyoanza kukwama kwenye fremu zake, na maji ya kijito yaliyogeuka tope zito ghafla. Desemba 3, 2023, Katesh, chini ya Mlima Hanang, mvua kubwa iliteremsha tope, mawe na magogo juu ya mji, na zaidi ya watu 80 walikufa. Pale haikuwa habari ya kuutazama mto ukipanda. Mlima wenyewe ulishuka.

Hatua ya 5: Ijue njia ya maji yako, halafu tafuta mtu wa juu

Muulize mtu wa bondeni maji yanatoka wapi, atakujibu "mtoni". Endelea kuuliza. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapitia Vingunguti na Tabata, unapokea vijito vingine, unakuja Kigogo, Jangwani, na kuingia baharini pale Daraja la Selander. Kwa hiyo mvua ya Pugu ni habari yangu kuliko mvua inayopiga bati langu. Nimewahi kuamka usiku mkavu, nyota zinaonekana, na mto unanguruma.

Pata namba za watu wawili walioko juu yako: mmoja mbali, mmoja katikati. Binamu, fundi, mama wa duka, yeyote anayeuona mto au daraja akiwa kazini. Mkubaliane alama, kwa mfano nguzo ya daraja: "Maji yakifika kwenye mstari mweupe, nipigie, hata kama ni usiku." Siku atakapopiga andika saa. Maji yakifika kwako andika saa tena. Tofauti ndiyo muda ulio nao wa kuondoka, na ukishaupima mara mbili tatu utajua kama una saa moja au nne. Jihadhari: ardhi ikishiba sana muda huo hupungua, kwa kuwa maji hayacheleweshwi na chochote njiani.

Mito mikubwa ina tabia nyingine. Maji ya Rufiji yanakusanywa kutoka Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, eneo kubwa kuliko nchi kadhaa, na yanachukua siku nyingi kufika Utete na Muhoro. Mtu wa delta anaweza kufurikiwa jua likiwaka, mvua yenyewe akiwa ameisikia redioni wiki iliyopita kama habari ya Morogoro. Sasa kuna na Bwawa la Julius Nyerere kati yake na milima, hivyo taarifa za kufunguliwa kwa maji ya bwawa nazo ziwe kwenye daftari lake. Wazee wa Rufiji waliishi na mafuriko kwa akili: walipanda mashamba ya mlau maji yalipopungua, wakalala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia wengi kwenye vijiji vya juu. Mashamba yakabaki bondeni, na ndiyo maana hadi leo watu wanarudi huko.

Sasa Mai Mahiu. Tarehe 29 Aprili 2024, alfajiri, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani juu ya mji yalilibomoa na kushuka kwa mara moja. Njia ya maji chini ya tuta ilikuwa imezibwa na takataka za mafuriko. Watu zaidi ya 45 walikufa, wengi usingizini. Funzo: tembea juu ya mto wako kabla ya msimu ukatazame kila kalavati, kila tuta la barabara au reli, kila daraja jembamba. Palipozibwa na magogo, ripoti kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa maandishi, na upige picha. Na usiku wa mvua, mto ukishuka ghafla wakati juu bado kunanyesha, usishangilie. Kuna kitu kimeziba. Ondoka wakati huo huo.

Hatua ya 6: Soma tangazo la hali ya hewa ukiwa na daftari mkononi

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano, kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Chini yake huandikwa mambo mawili ambayo watu wanayaruka: kiwango cha uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Kwao mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24.

Tangazo linazungumza na mikoa mizima. Linaposema "Dar es Salaam, Pwani na Morogoro", halijui kama nyumba yako iko Goba mlimani au Jangwani. Kazi ya kulishusha hadi mlangoni ni yako. Mimi hufanya hivi: nachukua milimita 50 za tangazo, nazijumlisha na akiba ya leo. Angalizo la njano likinikuta na akiba ya 20, naangalia mtaro tu. Angalizo lile lile likinikuta na akiba ya 85, nalisoma kama limeandikwa kwa rangi nyekundu. Kosa la kawaida ni kuzoea. Njano nne zimepita salama Machi, ya tano Aprili watu hawageuki hata kichwa, na hiyo ya tano ndiyo imekuta ndoo imejaa.

Hatua ya 7: Weka mstari wa kuondoka, ukiwa mkavu

Uamuzi wa kuondoka usifanywe saa 9 usiku. Saa hiyo baba anataka kuokoa friji, mama anatafuta vyeti, mtoto analia, na kila mtu ana hoja nzuri ya kusubiri kidogo. Ufanyeni mezani, Februari, na uandikwe.

Kwetu una ngazi tatu. Akiba ikipita 60: vitu vya chini vinapanda juu ya matofali, simu zinalala zimejaa chaji, mfuko wa nyaraka unaning'inizwa mlangoni. Mfuko huo una vitambulisho vya NIDA, vyeti, karatasi za kiwanja, kadi za kliniki na dawa za mama mkwe za wiki mbili, vyote ndani ya nailoni mbili zilizofungwa kila moja peke yake. Akiba ikipita 90 na kuna tangazo lolote: watoto, wazee na wagonjwa wanakwenda kulala kwa shangazi Tabata kabla ya magharibi, hata kama anga ni nyeupe. Mara mbili wamekwenda bure, na shangazi aliwapikia wali. Ngazi ya tatu, mtu wa juu akipiga simu au mto ukigusa mpera: wote tunatoka, hatuhesabu tena.

Chagueni njia isiyovuka kijito chochote. Hili ni gumu Dar, jaribuni. Ipiteni kwa miguu usiku mmoja mkavu mkiwa na tochi mjue mashimo na mitaro iliyo wazi iko wapi.

Viroba vya mchanga vina kazi yake, ndogo. Jaza mifuko ya sandarusi nusu hadi theluthi mbili, usiikaze, ilale vizuri. Panga kama matofali, mwanya wa chini ukifunikwa na wa juu, nailoni nzito upande wa maji. Vitazuia maji ya mtaani ya sentimita 20 au 30. Mto havizuii, na kama sakafu tayari inatoa jasho umefanya kazi ya bure.

Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Zima swichi kuu ya umeme kabla maji hayajafika kwenye soketi. Kama tayari umesimama kwenye maji, usiiguse. Toeni mifugo iliyofungwa.

Kuhusu kuvuka maji yanayotembea nitakuwa mkali. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15, juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuiinua gari ndogo ikaelea. Sentimita 60 zinabeba magari mengi, na hizo daladala nazo ni gari. Ardhi ikiwa imeshiba kuna jambo la ziada: barabara uliyoizoea inaweza isiwepo chini ya yale maji, maana kingo zilizolowa humomonyoka kutoka chini, lami ikabaki inaning'inia. Vijana wanaovusha watu mgongoni au kwa mkokoteni kwa buku mbili wanajua mahali pa jana. Pa leo hawajui.

Ukikwama juu ya paa au mti, piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, au 112. Taja jina la mtaa, kisha kitu kinachoonekana kutoka mbali: mnara wa simu, msikiti, ghorofa lenye rangi fulani.

Maji yakishatoka

Usirudi kwa sababu jua limewaka. Tazama daftari. Akiba ya 98 inahitaji karibu siku tano kavu kushuka chini ya 60, na hizo siku tano ndizo nyumba za tope na kuta zilizolowa huanguka, zikikauka bila usawa. Ingia mchana, sukuma mlango kwa fimbo, gonga kuta, tazama dari kabla ya kuweka mguu. Nyoka hupenda mahali pakavu kama wewe, kwa hiyo inua nguo na mbao kwa kijiti. Fundi umeme apite kabla swichi haijarudishwa.

Maji ya kisima kilichofunikwa na mafuriko hayanywewi hadi kisima kimwagwe na kutiwa dawa. Chemsha ya kunywa hadi yachemke kabisa kwa dakika nzima, au tumia vidonge vya kutibu maji kama maelekezo yanavyosema. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, dawa haifanyi kazi vizuri kwenye tope. Madimbwi yaliyobaki uwanjani yafukiwe, mbu hawachelewi.

Piga picha za kila chumba kabla ya kusafisha, upeleke majina na hasara serikali ya mtaa mapema. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika wa Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, na orodha ya majina ilikuwa na thamani kubwa kuliko maelezo ya mdomo.

Halafu, ukutani, kabla tope halijafutwa, kuna mstari. Maji yanauacha yenyewe, kahawia, umenyooka kama umepigwa na fundi. Pima kutoka sakafuni, andika kwenye daftari pamoja na akiba ya siku ile, kisha uchore ukutani na tarehe yake. Tumia rangi ya mafuta. Mimi wa kwanza niliuchora kwa chaki, mwenye nyumba akapaka chokaa Juni, na mpangaji aliyeingia chumba kile Agosti aliweka redio yake sakafuni.